Mwaka wa Matofali Yasiyochomwa

Ilunga hakunisalimu. Simu ilipoita nilikuwa juu ya jukwaa la kujengea huko Tenke, nikikagua kama ukuta umenyooka, na sauti yake ikanifikia moja kwa moja: "Feza, Mama Berta alishakufa. Kilio iko kwake. Ukuye." Nilishuka, nikawaachia mafundi wangu kazi, nikapanda gari la kwanza la kwenda Kolwezi. Nyumbani kwa marehemu, aliyekuwa mwalimu wetu, nilikuta turubai limefungwa mpaka barabarani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki, na katika safu ya mbele, ndani ya suti nyeusi, kitambaa cheupe machoni, ameketi Tata Mwepu. Alikuwa analia. Mabega yake yalitikisika. Nilisimama penye lango na viatu vyangu vya kazi vyenye udongo, nikamtazama mtu yule akimlilia mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimwita mwizi mbele ya mtaa mzima, na hasira ikanipanda mbichi kama ya siku ile ile. Watu husema wakati unaponya. Mimi nimejenga nyumba nyingi, na sijawahi kuona wakati ukiziba ufa.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimetoka Lubudi na cheti cha shule ya ujenzi na begi moja. Mengine ya nyuma nayaacha. Nilikuja Kolwezi kwa sababu shirika moja dogo lilikuwa linaanzisha mafunzo katika mtaa wa Kapata, kule kwenye nyumba za safu ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Mafundi wa mtaani na vijana waliosoma usanifu wa majengo wangekaa darasa moja, wajifunze kujenga nyumba isiyokula kuni wala umeme: matofali ya udongo wenye saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukomaa kivulini bila kuchomwa, madirisha yanayokamata upepo, paa lililoinuliwa juu ya dari ili joto lipite katikati na kwenda zake. Kwetu hilo halikuwa jambo la vitabuni. Nyaya kubwa za umeme zilipita juu ya vichwa vyetu kuelekea migodini, na sisi chini yake tulikaa gizani, tukipika kwa makaa, na miti ya kuchomea makaa hayo na matofali ilizidi kwenda mbali kila mwaka.

Nilipanga chumba kwa Tata Mwepu. Yeye na mkewe, Mama Kapinga, walikaa katika nyumba ya kampuni, yenye kuta nene na baridi, na nyuma yake aliongeza vyumba vya kupangisha, kuta nyembamba, mabati juu, bila dari. Kufikia adhuhuri chumba changu kilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Mshumaa niliousimamisha mezani ulijikunja wenyewe na kulala. Ukuta kati yangu na jiko lao haukufika kwenye mabati, kwa hiyo nilisikia kila kitu: mwiko ukigonga sufuria ya ugali tuuitao bukari, redio, Mama Kapinga akilalamikia miguu yake iliyovimba, na wageni wa mumewe wakijadili bei za kuni. Tata Mwepu alikuwa mchomaji matofali mkubwa kuliko wote upande ule. Tanuru zake zilifuka moshi kando ya barabara kuu, na malori ya magogo yalimshushia mzigo kila wiki. Siku aliyojua ninasoma nini alicheka mpaka akakohoa. "Matofali ya bila kuchoma? Mvua moja tu, mutoto, utakunywa nyumba yako sawa uji." Nilicheka naye. Sikujua bado kwamba hakuwa anatania.

Darasa letu lilikuwa kantini ya zamani ya kampuni, ukumbi mrefu wenye harufu ya mafuta ya mashine na popo. Mama Berta alikuwa msanifu wa majengo kutoka Lubumbashi, mwembamba, sauti ya mikwaruzo, na hakuwa mtu wa kupendeka. Sitampamba kwa kuwa amekufa. Alitufanyisha matofali yetu ya kwanza, akangoja yakomae, kisha akayachukua moja moja, akayainua mpaka kifuani na kuyaachia yaanguke sakafuni. Lililovunjika alilipiga teke. La Ilunga lilivunjika. Ilunga alikuwa fundi wa miaka mingi, mikono mipana, na hakuzoea kupigiwa teke kazi yake. "Mi najenga tangu kitambo, mama," alisema. "Njo juu ya ile manyumba ya Kolwezi inapasuka," Mama Berta alimjibu, na vijana wa usanifu wakacheka. Ilunga hakuwasamehe kicheko kile. Mchana kutwa mafundi waliwaita "bana-karatasi", watoto wa karatasi, nao vijana waliwaita mafundi "bule ba poto-poto", watu bure wa matope, na pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja tu, kwamba mimi sikustahili kuwepo. "Mwanamuke kwa mashine? Aende atafute mayi," Ilunga alisema siku ya pili, akanisukumia ndoo. Nilimtazama Mama Berta anitetee. Akageuza uso. Nikaiweka ndoo chini, nikashika mkono wa mashine, nikaukalia kwa uzito wangu wote mpaka tofali likatoka. Nilipofungua viganja usiku vilikuwa vimechubuka. Hakuna aliyenipongeza, na kesho yake ndoo ilikuwa imewekwa tena mbele yangu.

Chakula tulikula palepale, katika sinia moja: bukari, sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine ndakala, dagaa wa kukaanga. Mama Berta ndiye aliyelazimisha. Vijana wa usanifu walikuwa wanakwenda kununua mikate yao barabarani, akawakataza. "Mutakula na batu mutajenga nabo," alisema, "ao murudie Lubumbashi mukachore." Wakakaa, magoti yakigusana, kila mtu akitazama upande wake wa sinia. Nakumbuka sauti ya kutafuna kuliko maneno yoyote. Hata hivyo ni pale pale ndipo tulipoanza kubishana kwa maana. Kijana mmoja alichora dirisha kwa kidole katika vumbi, Ilunga akalifuta kwa kiganja na kulichora chini zaidi, upande upepo unakotoka, na tundu la kutokea joto juu kabisa upande wa pili. Wakagombana hadi bukari likapoa. Mama Berta aliendelea kula, na mimi niliyekaa karibu naye nilimwona anatabasamu huku ameinamia sombe.

Kazi yetu ya mwaka ilikuwa chumba cha kuzalia katika zahanati ya mtaa. Mkunga, Mama Shantali, alituingiza kwanza katika kile cha zamani ili tuone. Mabati yalikuwa usawa wa mkono. Mwanamke mmoja alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, uchungu umemshika, na mama yake anampepea kwa kipande cha katoni. Jasho la mgonjwa lilichuruzika kutoka kitandani mpaka chini. Kulikuwa na feni ukutani. Haikuwa imezunguka tangu umeme ulipoanza kukatika hovyo. "Niko nazalisha ndani ya tanuru," Mama Shantali alisema. "Batoto bangine banakuya tayari na homa. Munijengee fasi mutu anaweza kupumua, ile ingine mi nitafanya."

Tulichimba udongo nyuma ya zahanati, mwekundu na mzuri, na matofali tuliyoshindilia tuliyapanga kivulini na kuyafunika kwa plastiki ili yasikauke haraka yakapasuka. Plastiki ile ndiyo iliyotuponza. Kolwezi, mtu akichimba choo tu majirani husimama kutazama udongo unaotoka una rangi gani. Watu wamekwisha kuvunja sakafu za vyumba vyao vya kulala wakifuata madini ya kobalti. Jioni moja nilikuwa nimelala juu ya mkeka, nikasikia Tata Mwepu akiongea na wageni wake upande wa jiko juu ya udongo wetu. "Nani anajengaka na bulongo mu mwaka ya leo? Bongo, haiko kweli! Bale batu habajenge, beko nachimba. Kama ni matofali, juu ya nini banafunika na plastiki? Banaficha nini?" Mgeni mmoja akauliza kama ana hakika. "Uulize ule mutoto iko napanga hapa kwangu," alisema. "Kila siku anarudia na mikono nyekundu." Walijua nipo. Nadhani alipandisha sauti makusudi ili nisikie. Nilitoka, nikasimama mlangoni pa jiko lao, nikamwambia: "Tata, ule bulongo ni wa kujengea banamuke fasi ya kuzalia. Mukuye muone." Mama Kapinga alikuwa anasonga. Hakuinua macho. "Bwana yangu anajengaka hii mukini ya Kapata tangu mbele yako uzaliwe," alisema, kisha akatema mate kando ya miguu yangu, taratibu, kama mtu anayetema kokwa.

Kuanzia hapo mtaa ulitufungia milango. Mwenye mkokoteni wa maji akaacha kuja kwenye ujenzi. Mwanamke niliyekuwa nanunua kwake ndakala akaniambia wamekwisha, na rundo liko mbele yake. Wachimbaji vijana, waliotoka pande zote za nchi na kukosa nafasi machimboni, walianza kukaa juu ya ukuta wa zahanati kututazama, mitaimbo katikati ya magoti. Mama Berta aliwafuata. Alijaza udongo wetu kwenye gunia, akawaambia wachague wao wenyewe mahali pa kuupeleka, na wakaenda pamoja naye mpaka kwenye depo ya kununulia madini. Mnunuzi akaupima kwa kimashine chake na kuurudisha: udongo tu, hauna kitu. Nilikuwepo. Nilidhani mambo yamekwisha. Kabla hatujafika Kapata, neno lilikuwa limetutangulia kwamba yule mama amemhonga mnunuzi, na kwamba mtu hahongi kwa ajili ya udongo mtupu.

Wachimbaji walikuja mwanzoni mwa kiangazi, mchana, wakati kuta zilikuwa zimefika kwenye usawa wa madirisha. Hawakuja kwa kelele. Waliingia na magunia yao kama watu wanaokwenda kazini, na nyuma yao wakaingia watu wa mtaa, na nyuma ya watu wa mtaa alisimama Tata Mwepu. Mama Berta alijiweka mbele ya shimo letu la udongo. "Hakuna kintu hapa!" alipiga kelele. "Mukichimba karibu na musingi, ukuta utaanguka!" Tata Mwepu akajibu kwa nyuma, sauti tulivu: "Mwizi njo anakatazaka batu kuangaria." Mtu akamsukuma Mama Berta, akaanguka juu ya matofali. Mashine yetu waliivunja kwa mitaimbo. Vijana wa usanifu walikimbia, na siwalaumu. Ilunga alibaki, nami nilibaki kwa sababu miguu yangu ilikataa. Walichimba kwa haraka ya ajabu, wakipokezana, na mmoja wao, kijana aitwaye Serge aliyekuja peke yake kutoka mbali, akaingia chini ya msingi akifuata mshipa wa udongo mweusi, rangi ya kobalti. Ilunga alimwita atoke. Alimwita kwa matusi, kisha kwa kubembeleza. Ukuta haukutoa mlio mkubwa. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka, na vumbi likapanda.

Umati ukatawanyika. Tuliobaki tulichimba kwa mikono, mimi, Ilunga, Mama Berta na damu kwenye paji la uso, Mama Shantali na sare yake nyeupe. Tulimfikia Serge akiwa amekwisha kufa. Udongo uliokuwa mfukoni mwake ulikuwa mweusi kwa unyevu tu. Hakuna aliyejua ndugu zake. Tulimzika sisi, wale walioitwa wezi wa kobalti, pamoja na wachimbaji wachache waliokuja wakiwa wameinamisha vichwa. Na kabla ya jeneza kufunikwa Kapata yote ilikuwa inasema kwamba nyumba ya udongo imeua mtu. Si shimo. Si mtaimbo. Nyumba. Askari walikuja kumchukua Mama Berta ajibu kwa nini alijenga ukuta dhaifu, wakamlaza ndani mpaka Mama Shantali alipokwenda kukaa penye mlango wao na wanawake waja wazito, kitako chini, wakikataa kuondoka. Nami niliporudi nyumbani jioni ya mazishi nilikuta begi langu na sufuria yangu barabarani, Mama Kapinga amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hatutaki muchawi kwetu," alisema. Nilihamia kantini, nikalala chini ya popo.

Ndiyo maana sikuweza kunyamaza kwenye kilio cha Mama Berta. Tata Mwepu alisimama kuzungumza kwa niaba ya mtaa. Siku hizi ana mashine zake za kushindilia, anauza matofali yasiyochomwa mpaka Fungurume, na kila mtu anamwita mwanzilishi. "Shi batu ya Kapata," alisema, akifuta macho, "tulimupokea huyu mama na mikono mibili. Tulijenga naye bote." Nilisikia sauti yangu kabla sijajua ninasema. "Tata Mwepu, ulimuita mwizi. Ulisimama nyuma ya batu bakamusukuma." Turubai lote likageuka. Alinitazama, na nikaona amenitambua. "Mutoto," alisema polepole, "kilio haiko fasi ya vita." Nikamjibu: "Vita ulileta weye." Ilunga, mvi kichwani, alikuwa amesimama upande wa wanaume, akavuka uwanja, akaja kusimama karibu nami. Mwanamke mmoja akaanza wimbo wa kanisa, wengine wakaudaka haraka ili utufunike, na Tata Mwepu akakaa. Hakuomba radhi. Sikuwa nimeingoja.

Mwaka ule, Mama Berta alipoachiwa na askari, hakwenda Lubumbashi kama wote tulivyodhani. Alikuja kantini, akatukuta mimi na Ilunga na mafundi wawili tunatengeneza mashine kwa vyuma vya kuokota. Uso wake ulikuwa umevimba. "Bale bengine?" aliuliza. Ilunga akamwambia wamekwenda. Alikaa juu ya ndoo, akatazama mikono yake. Nikamwuliza kwa nini asiuache mtaa huu ambao unamchukia. "Nami nabachukia," alisema. "Unazani nini? Kila asubui naomba Mungu anisaidie nisibachome. Lakini ule mama na katoni, anapepea mutoto wake… Ule hakunifanya kintu." Kisha akainuka akatuambia ukuta mpya utakuwa na msingi mpana zaidi, na shimo litafukiwa na kushindiliwa kabla ya tofali la kwanza. Wiki iliyofuata vijana wawili wa usanifu walirudi, nyuso chini. Ilunga aliwapa ndoo, wakaenda kuteka maji. Mimi niliwekwa kwenye mashine, na hapakuwa na aliyeuliza kwa nini.

Tulijenga kiangazi chote kilichobaki chini ya matusi. Walitupita barabarani wakiimba kwamba tunawachimbia akina mama kaburi. Asubuhi nyingine tulikuta mavi yamepakwa ukutani, tukaosha, tukaendelea. Paa likakaa juu ya dari na nafasi yake katikati, upenu mpana ukakinga jua la magharibi, na siku Mama Shantali alipoingiza kitanda cha kwanza, Oktoba ilikuwa imeanza kuunguza kila kitu kabla ya mvua. Chumba kilikuwa tayari na hakuna mwanamke wa Kapata aliyekubali kuingia. Walizalia upande wa zamani, ndani ya tanuru, kuliko kulala katika nyumba iliyoua. Waliokuja kwetu walikuwa wapita njia, wake za wasafirishaji na wafanyabiashara Waislamu waliotoka mashariki, ambao hawakuwa wamesikia habari. Mama Shantali aliwazalisha na madirisha wazi, na akatoka nje kuniambia, macho yamemtoka: "Feza, sikutoka jasho."

Nilikuwa ndani ya chumba kipya adhuhuri moja nikimalizia lipu ya ukuta wa nyuma, mlango wazi. Foleni ya zahanati ilikuwa imekaa nje chini ya mabati, watu wamelegea kwa joto. Nikasikia nyayo za mtu anayekokota miguu. Alikuwa Mama Kapinga, amekuja kwa dawa ya miguu yake, imevimba mpaka ndala hazimwingii, amezishika mkononi. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya jukwaa. Aliegemea mwimo wa mlango, akanyoosha mkono ndani kama mtu anayepima maji ya kuoga. Kisha akaingia. Akajishusha sakafuni kidogo kidogo, akalala ubavu, shavu juu ya saruji, na pumzi ndefu ikamtoka. Nilishuka na mwiko wa lipu mkononi, nikasimama juu yake. Niliyaona tena mate yale karibu na miguu yangu, na begi langu barabarani, na nilikuwa na maneno tayari, maneno ya Lubudi ambayo hayaandikwi. Mama Shantali alitokea mlangoni, akanitazama. Mama Kapinga alifungua macho. Hakuinuka, nami sikumfukuza. Mwishowe alifumba macho tena, na baada ya dakika chache nikasikia anakoroma.

Kesho yake alirudi, saa ile ile ya jua kali, na binti yake mjamzito nyuma. Hakunisalimu. Sikumsalimu. Nilichukua mkeka uliokuwa pembeni, nikautandika chini ya dirisha, pale upepo unapoingilia, nikarudi kwenye ukuta wangu kwa sababu lipu ilikuwa inakauka.